Prodyusa wa chumbani, umaarufu wa mtandaoni pekee haulipi kodi

Una kipakatalishi, hedifoni na programu ya kutengeneza midundo. Umekesha wiki tatu ukichonga ngoma isiyo na mwimbaji wala kiitikio, na unajua redio nyingi za hapa Nairobi hazitaicheza. Sasa utaipeleka wapi?

Wengi wenu hufanya jambo moja: mnaipakia kila mahali, kisha mnasubiri. Mwezi unaisha, watu 400 wamesikiliza, na mfukoni hamna kitu. Ukifika hapo usikate tamaa. Huenda ngoma ni kali, ila umeitegemeza kwa hesabu isiyokufaa.

Hesabu zenyewe ni hizi. Spotify iliingia Kenya Februari 2021. Tangu 2024, wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12 haupati mgao wowote wa malipo ya rekodi. Kwa msanii wa Arbantone anayevuma, 1,000 ni kazi ya jioni moja. Kwako wewe unayetengeneza tekno au ambienti, huenda ukachukua mwaka.

Hata ukivuka kiwango hicho, malipo ya kila mara moja huwa chini ya nusu senti ya dola.

Kwenye Bandcamp stori ni tofauti. Unaweka albamu kwa dola 7, jukwaa linakata asilimia 15, nawe unabaki na dola 5.95 kabla ya ada ya malipo. Ili upate pesa hizo kwa kustrimu, ngoma zako zinahitaji kusikilizwa zaidi ya mara 1,100. Isitoshe, mnunuzi anaweza kukulipa zaidi ya bei uliyoweka. Na kuna Bandcamp Friday, iliyoanza Machi 2020, siku ambayo jukwaa halichukui mgao wake. Toa kazi yako siku hiyo ukiweza.

Waliotangulia

Hii si ndoto ya Ulaya. KMRU, kijana wa Nairobi anayerekodi sauti za mitaa na mazingira kisha kuzigeuza muziki, alianza kwa kujitolea kazi zake mwenyewe kwenye Bandcamp. Mwaka wa 2020, lebo ya Editions Mego ya Vienna ilitoa albamu yake *Peel*, na masikio ya dunia yakamgeukia. Jukwaa lilo hilo amelitumia kurudisha sokoni nyimbo za babu yake, marehemu Joseph Kamaru, gwiji wa muziki wa Kikuyu aliyefariki 2018.

Slikback naye alitoka Nairobi akapitia Hakuna Kulala, lebo ya Kampala iliyo chini ya Nyege Nyege, iliyotoa *Lasakaneku* mwaka wa 2018. Baada ya hapo hakukaa kusubiri lebo. Amemwaga kazi nyingi yeye mwenyewe mtandaoni.

Hawa wawili hawakuhitaji mamilioni ya wasikilizaji. Walihitaji watu wachache wanaojali, waliotawanyika kutoka Nairobi hadi Berlin.

Fanya hivi

Usiache Spotify, Boomplay wala YouTube. Hayo ni dirisha la duka: mtu anapita, anachungulia, anakujua. Ila duka lenyewe liwe mahali unapouza moja kwa moja.

Ili ufike madirishani unahitaji kampuni ya usambazaji. Baadhi, kama DistroKid, hutoza ada ya mwaka. Nyingine hukata asilimia ya mapato. Soma masharti: ukiacha kulipa ada ya mwaka, ngoma zako huenda zikaondolewa.

Pakia wiki tatu au nne mapema. Spotify hukuruhusu kuwapendekezea wahariri wao wimbo mmoja ambao haujatoka, na wanautaka angalau siku saba kabla. Ukipakia Alhamisi ili utoke Ijumaa, nafasi hiyo umeitupa.

Kwa matangazo, acha kuandika "ngoma mpya iko hewani" kila siku. Rekodi video ya sekunde 30 ukionyesha ile sauti ya matatu ilivyogeuka ngoma. Weka miksi SoundCloud, ambako madijei huwinda. Andikia watangazaji wa redio za mtandaoni kama NTS ya London, mmoja mmoja, kwa jina lake, ukimwambia kwa nini wimbo unafaa kipindi chake. Hapa nyumbani, pitia Santuri, ambako wanafunza utengenezaji wa muziki huu na udijei. Mara nyingi DJ wa kwanza kukuchezea ni mtu mliyekutana ana kwa ana.

Anayenunua Bandcamp akikubali, anwani yake ya barua pepe inabaki nawe. Itunze. Jukwaa linaweza kubadilisha sheria kesho, lakini watu 150 unaoweza kuwaandikia mwenyewe hakuna wa kukupokonya.

Mitego

Usinunue wasikilizaji bandia. Majukwaa huwanasa, wimbo hushushwa, na Spotify hutoza faini kampuni za usambazaji, ambazo zinaweza kukugeukia wewe. Usikate kipande cha benga ya zamani bila idhini ukidhani hakuna atakayejua. Kabla ya kutia sahihi mkataba wa lebo, uliza maswali mawili: rekodi ni ya nani, na kwa miaka mingapi? Sajili kazi yako kwa Bodi ya Hakimiliki nchini, KECOBO.

Mwisho, panga pesa zitakavyokufikia. Bandcamp hulipa kupitia PayPal, nayo PayPal imeunganishwa na M-Pesa tangu 2018. Hakikisha majina ya akaunti zote mbili yanafanana. Litakuwa jambo la kusikitisha mtu wa Japani alipie ngoma yako, halafu doo ikwame kwa sababu uliandika jina la usanii.