Nani Huyu? Kadi ya Saba na Ugomvi wa Euless

Chukua kalamu na karatasi, simu igeuze kifudifudi mezani. Ndivyo tulivyoanza sisi, na ningependa ujaribu mwenyewe kabla sijakupa jibu.

Kidokezo cha kwanza, alama tano: nilizaliwa Unguja, na jina nililopewa na wazazi wangu silo mnalonijua nalo. Cha pili, alama nne: katika maisha yangu imo safari ya kuvuka bahari kwenda pande za Bombay. Cha tatu, alama tatu: nimekufa miaka mingi, lakini sauti yangu bado inasikilizwa. Cha nne, alama mbili: kabla ya kuimba niliuza vyungu. Cha tano, alama moja: jina langu ni neno la Kiarabu la kumwita mwanamke kwa heshima.

Kama uliandika jibu baada ya kidokezo cha pili na sasa unalifuta, karibu kwenye meza yetu.

Chemsha bongo yetu hufanyika Jumamosi moja kila mwezi, kwenye chumba cha wapangaji cha nyumba tunazokaa hapa Euless. Kwa asiyeijua Euless: iko katikati ya Dallas na Fort Worth, na sehemu ya uwanja wa ndege wa DFW imo ndani ya mipaka yake, kwa hiyo msoma maswali hujifunza kunyamaza ndege ipite. Mji huu una Watonga wengi. Vijana wao wa shule ya sekondari ya Trinity hucheza ngoma ya haka uwanjani kabla ya mechi ya mpira wa Kimarekani, na mji mzima unaijua na kuishangilia. Nakiri huwa nawaonea wivu. Wivu huo ndio ulionifanya nianze kuandika kadi hizi, kwa sababu watoto wetu wangeweza kunitajia waimbaji ishirini wa Marekani bila kupumua, lakini wa kwetu, mmoja tu, wakaanza kutazamana.

Usiku ule tulikuwa meza nne: wanafunzi wa chuo kutoka Arlington, kina mama wa Fort Worth, familia rafiki iliyoendesha saa nne kutoka Houston, na meza ya watoto. Meza ya watoto ilipungukiwa mtu, nikamweka mama mkwe wangu. Yuko nasi mwezi wa pili sasa, kaja kutoka Unguja kututembelea. Nilimweka pale asikae peke yake, wala sikutegemea kwamba angewasaidia. Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu, na Kiswahili cha wajukuu zake kinaishia kwenye chakula.

Nilisoma kidokezo cha kwanza. Wanafunzi wa Arlington hawakungoja hata nimalize, wakaandika Bi Kidude. Si jibu la kijinga. Bi Kidude jina lake ni Fatuma binti Baraka, ni Mzanzibari, na alifariki Aprili 2013 akiwa mkongwe ambaye hakuna aliyekuwa na hakika ya umri wake. Lakini sheria yetu ni kwamba ukishaandika umefunga, na kidokezo cha Bombay kilipokuja wakabaki wanatikisa vichwa.

Kidokezo hicho cha Bombay ndicho kilichowaangusha wa Houston. Baba wa familia ile aliandika Freddie Mercury kwa herufi kubwa, akapiga mstari mara mbili. Watoto wetu nao wakaandika hivyo hivyo. Nami lazima niseme kweli: yanaingia yote. Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi. Wazazi wake walimpeleka shule ya bweni Panchgani, kwenye milima ya huko nyuma ya Bombay. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ilihamia Uingereza, na alifariki London Novemba 1991. Sauti yake ingali inasikika hata dukani ninakonunua maziwa. Kasoro ni moja tu: hakuuza vyungu.

Kina mama wa Fort Worth walingoja. Niliposema vyungu, mmoja wao akaandika haraka na kunipa karatasi bila kelele. Siti binti Saad. Alama mbili.

Hapo baba wa Houston akasimama. Alisema swali la chemsha bongo lazima liwe na jibu moja, na kwamba mpaka kidokezo cha tatu lilikuwa na mawili, kwa hiyo apewe alama zake nne. Nikamwambia vidokezo vitano vinamhusu mtu mmoja, na kasi ina bei yake. Akasema hiyo si haki. Ndege ikapita juu, tukanyamaza sote, na nafasi hiyo nikaitumia kuwaeleza jibu.

Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, mwaka 1880, kwa watu maskini. Nyumbani kwao kazi ilikuwa ufinyanzi, naye alitembeza vyungu akivinadi kwa sauti, na wengi husema koo lake lilipata mazoezi huko. Shule hakusoma. Mwaka 1911 akahamia mjini, na huko wanamuziki wakamfundisha kuimba. Zingatia hali ilivyokuwa: taarab ilikuwa imeletwa na Sultani Barghash kutoka Misri, ikachezwa mbele ya wakubwa, na nyimbo zake zilikuwa za Kiarabu. Siti na wenzake wakaiimba kwa Kiswahili, lugha ya mnunuzi wa chungu na muuzaji wake. Waliomdharau walimkumbusha kwamba kaingia mjini amevaa kaniki, naye akawajibu kwa wimbo. Mwaka 1928, akiwa na umri wa takriban miaka 48, alikwenda Bombay na kundi lake kurekodi santuri, zile zenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Santuri hizo zikasambaa pwani nzima na bara.

Alifariki Julai 1950. Kabla ya hapo Shaaban Robert alimwendea, wakazungumza, na kutokana na mazungumzo hayo akaandika wasifu wake. Mimi ni mtu wa Tanga kama Shaaban Robert, kwa hiyo sehemu hii niliirefusha kidogo, mume wangu akaanza kukohoa.

Nilipomaliza, mama mkwe akasema kwa upole, "Lakini mimi nimemtaja tangu mwanzo."

Nikamtazama binti yangu, ambaye ndiye alikuwa na kalamu. Yuko darasa la sita. Akainamisha uso.

"Mama, Bibi alisema neno baya."

"Neno gani?"

Hakutaka kulitamka. Akaja kuninong'oneza sikioni: mtumwa.

Mtumwa ndilo jina Siti alilopewa na wazazi wake. Siti ni heshima ya baadaye. Mama mkwe alikuwa ametoa jibu la alama tano kwa neno moja, na mtoto mwenye kalamu alisikia tusi. Na neno hilo nilimfundisha mimi mwenyewe, Juni iliyopita, tulipowatembelea hawa hawa rafiki zetu wa Houston tukashuka nao hadi Galveston. Pale ndipo tangazo la uhuru wa watumwa wa Texas lilipotolewa tarehe 19 Juni 1865, na ndiyo asili ya sikukuu ya Juneteenth. Mtoto aliuliza kwa Kiswahili tunawaitaje watu wale, nikamjibu. Zanzibar utumwa ulikuwa halali kisheria hadi mwaka 1897, Siti akiwa msichana wa miaka 17 hivi. Hilo sikumwambia.

Baba wa Houston, yule yule aliyekuwa anadai alama zake nne, sasa akawa wakili wa meza ya watoto. Wapewe tano, alisema, Bibi katamka. Nikasema sheria inataka jibu liandikwe. Kina mama wa Fort Worth wakaniunga mkono, nao walikuwa na sababu yao. Sikuzitoa alama. Mama mkwe alicheka tu. Aliyeumia alikuwa binti yangu, na naomba mniamini kwamba hazikuwa alama zilizomuuma.

Tulirudi kwa miguu kuvuka maegesho, mimi nimebeba sufuria ya pilau iliyobaki, wao wawili mbele. Nikamsikia anauliza, kwa Kiswahili cha kuungaunga, inakuwaje mama amwite mtoto wake hivyo.

"Mimi nilikuwa na shangazi jina lake Mtumwa," mama mkwe akamwambia. "Watoto walikuwa wakifa, mjukuu wangu. Mama kazika wawili, watatu. Huyu akizaliwa anampa jina lisilotamanika, husuda isimwone."

"Na hakufa?"

"Shangazi? Kanizika mume wangu, babu yako, akafa baada yake."

Wakasimama chini ya taa. Binti yangu aliuliza mambo mengine ambayo sikuyasikia vizuri, na mara moja nilimwona mama mkwe akifanya kwa mikono yake miwili umbo la chungu, kuanzia kitako mpaka mdomo. Pilau ilikuwa inanichoma vidole, lakini sikuwakimbiza.

Kwa Siti mwenyewe sijui kama sababu ya jina ilikuwa ile ile, na mama mkwe hakudai hivyo.

Kadi za mwezi ujao wanaandika wao wawili. Binti yangu anaandika, bibi yake anamtajia, na kila ninapopita sebuleni karatasi inafunikwa na kanga. Nimeambiwa safari hii nitakaa meza ya watoto.