Vali za gitaa zaingia enzi ya chipu, mfanyabiashara aweke mtaji wapi?

MWAKA 1987 kampuni ya ADA ya California, Marekani, ilitoa priamplifaya ya gitaa iitwayo MP-1. Ndani yake kulikuwa na vali mbili za kioo kwa ajili ya sauti, na chipu za kompyuta kwa ajili ya kumbukumbu. Mpiga gitaa aliweza kuhifadhi sauti 128 na kuziita moja moja kwa kukanyaga kitufe.

Karibu miaka 40 baadaye, vali zinazoingia katika mashine hiyo bado zinatengenezwa na zinauzwa mpya. Mara nyingi kinachompeleka mwenye MP-1 kwa fundi ni upande wa chipu. Betri ya kumbukumbu ikifa, sauti zote alizohifadhi zinapotea, na chipu ya wakati ule ikiungua, mbadala wake hutafutwa kwa tochi.

Kisa hicho kina somo kwa wanaovusha vyombo vya muziki kati ya Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi. Viwanda vya Ulaya na Marekani vinazidi kuuza mashine zinazochanganya vali za kizamani na vifaa vya kidijitali. Mtaji wa mfanyabiashara uko salama au hatarini kutegemea sehemu hizo mbili zimeunganishwaje.

Kazi ya priamplifaya

Umeme unaotoka kwenye gitaa ni dhaifu mno kuweza kusukuma spika. Priamplifaya ndiyo inayoupokea kwanza, kuukuza na kuupa ladha: besi kiasi gani, ukali kiasi gani, usafi au mkwaruzo. Baada yake ndipo amplifaya yenyewe inapoongeza nguvu na kupeleka kwenye spika.

Katika priamplifaya nyingi za vali, kazi hiyo hufanywa na vali ndogo iitwayo 12AX7, ambayo Ulaya inajulikana kama ECC83. Kampuni ya RCA ya Marekani iliileta sokoni miaka ya 1940. Ni kichupa cha kioo kisicho na hewa, chenye waya unaopashwa moto hadi ukatoa elektroni. Ndiyo maana huwaka kwa rangi ya chungwa na ndiyo maana huhitaji muda wa kupata moto.

Transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947, ni ndogo, rahisi na haihitaji kupashwa moto. Ilizifukuza vali kwenye redio na televisheni. Kwenye magitaa ilishindwa kuzimaliza kwa sababu moja: vali ikizidiwa haikati sauti ghafla, bali huipinda taratibu. Sikio la wapenzi wengi wa roki na bluzi limezoea mkwaruzo huo, na wako tayari kuulipia.

Moduli: laini mbili, simu moja

Tatizo la priamplifaya za vali ni kwamba kila moja ina tabia yake. Anayetaka sauti tatu tofauti alilazimika kununua amplifaya tatu nzito. Mhandisi wa Marekani, Bruce Egnater, alilijibu hilo kwa kutengeneza moduli, yaani visanduku vidogo vya priamplifaya vinavyochomekwa kwenye kasha moja. Kampuni ya Randall iliutumia mfumo huo kwa jina la MTS, na siku hizi unaendelezwa na kampuni ya Synergy.

Mfumo unafanana na simu ya laini mbili. Kasha, lenye transfoma na vitufe vya kuongoza, linabaki lilelile. Moduli yenye vali zake mbili za 12AX7 inachomolewa na nyingine inachomekwa. Synergy imeshirikiana na wabunifu wenye majina kama Friedman, Soldano, Diezel na Bogner, kila mmoja akitoa moduli yenye sauti yake.

Kwa mfanyabiashara, faida iko wazi. Moduli ni nyepesi, inasafiri kwenye begi, na mteja aliyenunua kasha hurudi kutafuta moduli ya pili. Hatari nayo iko wazi. Moduli isiyo na kasha lake haifanyi kazi yoyote, na mwenye kasha anabaki mateka wa kampuni iliyolitengeneza. Randall ilipoachana na MTS, wenye moduli zake wangeweza kubaki na vyuma mikononi. Waliokolewa na uamuzi wa Synergy kutumia umbo na plagi ambazo kwa kiasi kikubwa zinazikubali moduli za zamani.

Swali la kwanza la mnunuzi, basi, si sauti. Ni kama kuna kampuni nyingine inayotengeneza vitu vinavyoingia kwenye kasha hilo.

Digitali imeingia kwa milango mitatu

Mlango wa kwanza ni kuongoza. Mfumo wa MIDI, uliokubaliwa na viwanda mwaka 1983, unaruhusu kitufe kimoja cha mguu kubadilisha chaneli, athari na kiwango cha sauti kwa pamoja. Hapa sauti yenyewe bado inapita kwenye vali. Chipu inafanya kazi ya utingo, dereva ni vali. ADA MP-1, na baadaye JMP-1 ya Marshall, zilijengwa hivyo.

Mlango wa pili ni spika. Zamani mpiga gitaa alilazimika kuweka maikrofoni mbele ya spika yake. Sasa chipu inabeba kumbukumbu ya namna spika fulani inavyoitikia, na gitaa linaingia moja kwa moja kwenye mikisa ya ukumbi au kanisa. Kampuni ya Two Notes ya Ufaransa imejipatia jina kwa teknolojia hiyo, na imeingizwa ndani ya amplifaya za kampuni nyingine, kwa mfano Revv D20 ya Kanada, ambayo ni ya vali na ina nguvu ya wati 20.

Mlango wa tatu unatishia kuzifungia vali nje kabisa. Mwaka 1998 kampuni ya Line 6 ilileta POD, kisanduku kilichoiga amplifaya maarufu kwa hesabu za kompyuta. Mwaka 2011 Kemper ya Ujerumani ikazindua mashine inayopima amplifaya halisi na kuhifadhi tabia yake. Neural DSP ya Finland ikafuata na Quad Cortex. Leo ipo hata programu huria isiyolipiwa, Neural Amp Modeler, ambayo humwezesha mwenye kompyuta kunakili amplifaya kwa njia ya kuifunza mashine.

Uzito unasema mengi. Fender Twin Reverb ya vali ina takriban kilo 29. Toleo la kidijitali la amplifaya hiyohiyo, Tone Master, lililotoka mwaka 2019, lina takriban kilo 15. Anayelipia mzigo kwa kilo haelezwi mara mbili.

Vali zinatoka wapi

Vali nyingi za gitaa zinazouzwa duniani zinatoka katika nchi tatu: Urusi, Slovakia na China. Kiwanda cha Slovakia, JJ Electronic, kiko mji wa Čadca. Cha Urusi kilicho maarufu zaidi kiko Saratov na kinamilikiwa na kampuni ya New Sensor ya New York.

Hapo kuna jambo la kumfaa muuzaji. Sovtek, Electro-Harmonix na Tung-Sol za sasa ni majina matatu kwenye maboksi matatu, lakini zote ni za mmiliki mmoja na zinatoka Saratov. Mteja anayelipa zaidi kwa jina ana haki yake, ila muuzaji asijidanganye kwamba ametawanya hatari kwa kuweka majina matatu kwenye rafu.

Udhaifu huo ulionekana Machi 2022. Baada ya vita vya Ukraine kuanza, Urusi ilizuia kuuza nje bidhaa nyingi, na mkuu wa New Sensor, Mike Matthews, akawatangazia wateja kuwa vali zake zimeguswa. Zuio hilo halikudumu kwa vali, lakini wanunuzi walikuwa wameshakimbilia madukani na bei zikapanda.

Japan ilikuwa imejaribu njia nyingine. Mwaka 2015 Korg na Noritake zilitangaza Nutube, vali bapa iliyotokana na teknolojia ya vioo vya kuonyesha namba. Korg inasema hutumia chini ya asilimia mbili ya umeme wa vali ya kawaida na hudumu hadi saa 30,000. Lakini haiingii kwenye soketi ya 12AX7, hivyo haiwezi kuwa spea ya mashine zilizopo.

Mteja wa ukanda huu anataka nini

Matangazo mengi ya moduli hizi yanasifia mkwaruzo mzito wa roki. Bendi za dansi za Kinshasa, Dar es Salaam na Nairobi hazikujengwa hivyo. Gitaa la solo, mi-solo na ridhimu katika sebene linataka sauti safi, yenye kung'aa, kila nota isikike peke yake hata mwendo unapopanda. Rumba ya Kongo iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2021, na mwaka uliofuata Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Soko la vyombo vya muziki limepanuka upande huo.

Kwa sauti safi, transista haikuwahi kuwa aibu. Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, haina vali hata moja na ni miongoni mwa amplifaya zinazoheshimika zaidi duniani kwa usafi wa sauti. Kwa hiyo anayepeleka Goma au Lubumbashi moduli tano za mkwaruzo anaweza kukuta mali inalala dukani, wakati moduli moja ya sauti safi yenye njia ya moja kwa moja kwenye mikisa imeshapata mteja.

Kabla ya kulipa

Jambo la kwanza ni umeme. Marekani inatumia volti 120 na Hz 60. Nchi za ukanda huu zinatumia kati ya volti 220 na 240, na Hz 50. Mashine ya Marekani isiyo na swichi ya kubadili volti itaungua siku ya kwanza bila transfoma ya kushusha. Hata ikipewa hiyo, transfoma ya ndani iliyoundwa kwa Hz 60 pekee hupata moto zaidi kwenye Hz 50. Bamba la nyuma lisomwe kabla ya fedha kutoka.

La pili ni vali za maonyesho. Vali ya 12AX7 inafanya kazi yake vizuri ikipewa volti mia moja na zaidi hadi mia tatu. Baadhi ya pedali za bei ya chini huiendesha kwa volti chache tu, na nyingine huweka taa ya LED nyuma ya kioo ili ionekane inawaka sana. Taa hiyo isipandishe bei.

La tatu ni programu. Muuzaji aulizwe: mashine inafanya kazi bila simu wala akaunti ya intaneti? Ikinunuliwa mkononi, mmiliki wa kwanza ameiondoa kwenye akaunti yake? Ikiwa vitufe muhimu viko kwenye programu ya simu tu, siku programu hiyo itakapoacha kuhudumiwa, mashine itashuka bei hata kama vali zake ni nzima.

La nne ni karatasi. Katika orodha ya ushuru wa forodha, amplifaya ziko fungu la 8518, vali 8540 na magitaa ya umeme 9207. Ankara inayotenganisha vitu hivyo humwepusha mtu na mabishano mpakani. Cheti rahisi cha asili kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani ni cha bidhaa za Afrika Mashariki. Vali ya Slovakia haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kukaa Kariakoo.

La tano ni usalama. Kapasita za mashine ya vali hubaki na umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Kufungua ili kuonyesha wateja ni kazi ya fundi.

Mwelekeo

Vali hazitatoweka kesho, lakini nafasi yake inapungua. Amplifaya nzito yenye vali kubwa za nguvu inaachia njia mashine nyepesi, huku vali mbili au tatu ndogo zikibaki mbele kwa ajili ya ladha na chipu ikishika spika, kumbukumbu na athari.

Mashine itakayotunza thamani yake ni ile inayoweka mpaka kati ya pande hizo mbili: vali kwenye soketi ya kawaida, chipu kwenye sehemu inayotolewa na kubadilishwa, na sauti inayoendelea kutoka hata upande wa kidijitali ukizimika. Ile iliyounganisha vyote kwenye bamba moja inaweza kuwa na sauti nzuri leo, lakini ikishavuka Namanga au Rusumo, fundi wa upande wa pili hatakuwa na pa kuanzia. Mwenye kuagiza anaweza kuipima kwa swali moja kwa muuzaji: chipu ikifa, gitaa bado litalia?