Besi Hudai Nguvu

Wapiga besi wakikutana, hawachelewi kufika kwenye habari za amplifaya. Wana sababu. Uzi mnene kuliko yote katika gitaa la besi la nyuzi nne hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, na sauti nzito kiasi hicho hudai umeme mwingi na spika za kusukuma hewa nyingi.

Kampuni ya Fender ya Marekani ilitoa besi ya Precision mwaka 1951, na mwaka uliofuata ikaileta amplifaya yake, Bassman. Kumbi zilipopanuka, nguvu ya Bassman haikutosha.

Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ikajibu kwa amplifaya ya SVT: wati 300, valvu 14, na maboksi yenye spika nane za inchi 10. Bendi ya The Rolling Stones ilizunguka nayo Marekani mwaka huohuo. Amplifaya peke yake, bila maboksi, ilizidi kilo 35. Waliobeba walikiona cha mtema kuni.

Siku hizi zipo za wati 500 zisizofika kilo tatu.

Lakini mnunuzi asitazame wati tu. Ahakikishe omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) za spika hazipungui kiwango kilichoandikwa nyuma ya amplifaya, la sivyo anaweza kuiunguza.