Redio ya Programu na Vyuma Visivyobadilika

Mei 2014, wahandisi wa kujitolea walifaulu kukiamuru ISEE-3, chombo cha anga kilichorushwa na Marekani mwaka 1978. Mitambo ambayo NASA iliitumia kukipa amri ilikuwa imeondolewa tangu 1999. Wahandisi hao hawakuiunda upya. Waliigeuza kazi yake kuwa programu ya kompyuta, wakatumia kifaa kidogo kinachobadili tarakimu kuwa mawimbi, kisha wakayarusha kupitia dishi la Arecibo, Puerto Rico. Chombo kikaitika. Katika redio ya namna hii, kazi iliyofanywa zamani na saketi hufanywa kwa hesabu, na hesabu hufutika. Hata hivyo, ilibidi kikuza mawimbi kipelekwe na kufungwa kwenye dishi, kwa maana programu haizalishi nguvu. Ndiyo maana naona kwamba anayebuni redio inayobadilika aanze kwa kuamua kipi kisibadilike.

Chukua kile kidude cha USB cha kupokelea televisheni ambacho tangu 2012 kimekuwa redio ya programu ya watu wa mfuko mdogo. Hupima wimbi mara milioni 2.4 hivi kwa sekunde, kila kipimo kwa biti 8, yaani ngazi 256. Tuseme mawimbi ya kituo cha FM cha jirani yana volti mara 10,000 ya zile za ishara unayoitafuta. Kituo kikishajaza ngazi zote, ishara yako haifikii hata sehemu ya ishirini ya ngazi moja. Imemezwa kabla programu haijaanza kazi. Dawa ni kichujio cha bei rahisi mbele ya chipu, kinachozuia megahezi 88 hadi 108. Na ukishakifunga, FM huisikii tena. Uhuru umepungua, redio imepona.

Kuna watakaosema hiyo ni kasoro ya vifaa duni: nunua kigeuzi cha mawimbi kuwa tarakimu cha biti 16 na chipu zenye kasi. Kinasaidia, lakini kinataka umeme, kinatoa joto na kina bei yake. Mwaka 1997 jeshi la Marekani lilianzisha mradi wa JTRS, likitaka redio za familia moja zishike masafa ya megahezi 2 hadi 2,000. Mabilioni ya dola yalitumika, na mwaka 2011 redio yake ya magari ikafutwa. Usimamizi ulichangia, sikatai, ila tamaa ya kubadilisha kila kitu ndiyo iliyoufanya mradi uwe mgumu kusimamiwa.

Basi si heri saketi maalumu, inayokula umeme kidogo? Kwa simu zinazotengenezwa kwa mamilioni, naam. Kwa chombo kisichofikiwa na fundi, hapana. Redio ya Electra ilirushwa kuelekea Mars mwaka 2005 ndani ya chombo cha kuizunguka sayari hiyo, ikiwa na antena moja isiyobadilika, ya masafa ya megahezi 400 hivi. Baadaye programu yake ilibadilishwa ikiwa hukohuko angani, hata gari la Curiosity, lililotua 2012, likaweza kutuma data kwa kasi inayopanda chombo hicho kikiwa juu yake na kushuka kikielekea upeo wa macho.