Staa wa Bosphorus anayevuliwa akiwa 'U-17'

ISTANBUL ndiko Mbwana Samatta alikokipiga akiwa na Fenerbahçe. Ila kuanzia Septemba, ligi ikianza kuchanganya, jiji hilo la Uturuki huwa na staa mwingine: samaki aitwaye lüfer.

Hutoka Bahari Nyeusi kwa makundi, akipita mlangobahari wa Bosphorus kwenda kusini. Juu ya Daraja la Galata, wavuvi wa mshipi humsubiri bega kwa bega.

Jamaa si wa mchezo. Meno yake hukata mshipi kiulaini, ndiyo maana wavuvi huweka kipande cha waya juu ya ndoano. Akinasa, hapoi hadi filimbi ya mwisho.

Tatizo ni umri. Mdogo huitwa çinekop, akikua sarıkanat, kisha lüfer mwenyewe. Jitu ni kofana. Çinekop huingia ndoo kabla hajataga hata mara moja. Mwaka 2011, baada ya kampeni, serikali ilipandisha kimo cha chini cha kuvuliwa kutoka sentimita 14 hadi 20, wakati yeye hutaga akikaribia 25.

Ni sawa na klabu kuuza vijana wote wa akademi: msimu huu hela ipo, msimu ujao timu haipo.