Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Usalama hauletwi na doria peke yake. Njia isiyo na taa na choo kilicho mbali na nyumba huwatia wananchi hatarini, hasa wanawake na watoto wakati wa usiku.

Mjini Kampala, wakazi wa mitaa ya mabanda hawakungoja kila kitu kutoka serikalini. Mwaka 2002 lilianza shirikisho lao la kitaifa, linalounganisha vikundi vya akiba ambavyo wanachama wake huweka fedha kidogo kidogo. Huko Kisenyi, karibu na kitovu cha jiji, shirikisho hilo lilijenga choo cha jamii. Choo cha namna hiyo hudumu iwapo watumiaji hulipa ada ndogo ya maji, usafi na matengenezo.

Nanyi wakazi wa Busia, Malaba na Mutukula mwaweza kufanya vivyo hivyo. Lakini penye mpaka, mweka hazina asiye mwaminifu huvuka na fedha kabla watu hawajaamka. Kwa hiyo twawashauri: kila mchango uandikwe na kutolewa risiti, fedha ziwekwe benki kwa saini za watu watatu, hesabu zisomwe hadharani mbele ya mwenyekiti wa LC1. Mchango ni hiari, na asitishwe mtu.

Mkiona dalili za udanganyifu, leteni daftari kituoni mapema. Daftari hilo ndilo ushahidi wenu. Bila hilo, hubaki maneno matupu baina ya majirani.