Umeme wa Shirika na Kiasi cha Kila Nyumba



Miaka michache iliyopita wazazi wa chuoni kwetu walichanga wakanunua mabamba mawili ya umeme wa jua na betri moja, ili watoto wapate kusoma baina ya Magharibi na Isha bila ya moshi wa koroboi. Wiki za mwanzo mambo yalikuwa mema. Kisha mmoja akaleta simu yake kuichaji, wa pili akaleta feni, na sisi wenyewe, twakiri, tukachomeka redio. Haukutimia mwezi taa zikawa zazimika kabla ya watoto kufika nusu ya somo. Watu wakasema umeme wa jua haufai. Lakini jua halikuwa na kosa lo lote. Kosa lilikuwa letu, kwani kila mtu alichota na hapana aliyehesabu.

Kwa sababu hiyo zimetupendeza sana habari za Eigg, kisiwa kidogo cha Scotland, upande wa magharibi. Ukubwa wake ni kama kilomita 30 za mraba, na wakazi wake ni kama mia moja hivi. Nyaya za umeme za bara hazikifikii. Kwa miaka mingi watu wake walitegemea jenereta za dizeli, kila mtu na yake. Mwaka 1997 kisiwa kikanunuliwa kwa ajili ya wenyeji, na Februari 2008 wakawasha umeme wao wa shirika, utokao katika vitu vitatu: maji, upepo na jua.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini vitatu? Ni kwa kuwa hapana kimoja kiwezacho kutegemewa peke yake mwaka mzima. Wakati wa baridi mvua na upepo huwa vingi, na jua ni haba. Wakati wa joto vijito hupungua maji, lakini mchana huwa mrefu. Basi kipungukiwacho hiki hujazwa na kile. Mtambo mkubwa wa maji una nguvu ya kilowati 100, na pana midogo miwili. Vinu vya upepo ni vinne, kila kimoja kilowati 6. Kisha yako mabamba ya jua. Ziada huwekwa katika betri, na jenereta ya dizeli hungoja siku ya dhiki.

Walakini mitambo hiyo yote isingefaa kitu kama wasingalipatana juu ya kiasi. Kila nyumba, ya tajiri na ya maskini, haina ruhusa ya kutumia zaidi ya kilowati 5 kwa wakati mmoja, na mahali pa biashara kilowati 10. Mwenye kuchemsha maji kwa birika la umeme huku mashine ya kufua yazunguka, yu karibu na mpaka wake. Akipita, umeme wa nyumba yake hukatika, mpaka mtunzaji aje kuurudisha. Na mitambo ikizaa kidogo, watu wote huombwa wapunguze. Ikizaa kupita haja, ziada hutumika kupasha joto majengo ya watu wote.

Tulipokwisha kuzipata habari hizi, tuliwakusanya wazazi tukapatana. Simu huchajiwa adhuhuri, jua lilipo kali na betri ikiwa imejaa. Jioni ni taa tu, na redio yetu imerudi kwenye betri zake ndogo. Hatukuongeza hata bamba moja, na sasa taa zadumu mpaka Isha.

Basi enyi wazee na vijana mnaofikiri kuleta umeme wa namna hii katika vijiji vyenu vya mbali, kabla ya kuuliza bei, kaeni mpatane: kila nyumba itachukua kiasi gani, na nani atakayehesabu? Mitambo hununuliwa madukani. Mapatano hayo hayauzwi po pote.